Madundu wa Mlakasa Waliokwenda Msibani Gulfton

Mimi si mtu wa kutoka. Nimekaa Garland, Marekani, miaka kumi na moja, na ukiniuliza mji ukoje nitakueleza jiko langu, sebule yangu na njia ya kwenda kwa muuza nyama halali. Mume wangu husema akipotea mtu, nisipewe mimi kazi ya kumtafuta, maana nitaanzia chini ya kitanda na kumalizia kabatini. Hakosei. Wenzangu wana miguu, mimi nina sambusa. Akifiwa mtu Fort Worth, zinakwenda sambusa. Akijifungua mtu Houston, zinakwenda sambusa. Nazikaanga nusu, nazipanga kwenye makopo matupu ya aiskrimu, nabandika karatasi juu, naandika "Sambusa nyama," nazigandisha. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuendesha lori, anazipeleka. Mimi nabaki nyumbani nikijiona nimehudhuria.

Msomi wa nyumba ni binti yangu. Mimi niliishia kidato cha nne, Pemba, na alama yangu ya baiolojia naomba isitajwe. Yeye amefika mwisho kabisa wa chuo kikuu, na anachosomea ni madundu. Tena si madundu wote, hilo lingekuwa jambo la kujisifia mbele za watu. Anasomea dundu mmoja tu wa majani, mdogo kama punje ya dengu, anang'aa kama dhahabu ya kuchovya. Anapatikana kwetu Pemba na kwenye kisiwa kidogo cha jirani, ambacho nimekua nikikiona ng'ambo na sijawahi kukikanyaga. Tulimvusha mtoto bahari mbili, kumbe anarudi kuchungulia matembele ya bibi yake.

Swali lake alinieleza mara nyingi mpaka likaingia. Dundu wa Pemba hula matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Dundu wa kile kisiwa hula mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani pwani, wenye maua ya zambarau. Ukiwatazama ni mapacha. Je, ni dundu mmoja mwenye sahani mbili, au ni wa aina mbili waliovaa sare? Akiwa wa pili ni wa aina yake, basi hana jina popote duniani, na binti yangu ndiye angempa. Ila jina halitolewi kwa kukisia. Mambo matatu lazima yakubaliane: maungo yake, vinasaba vyake, na chakula kilichomo tumboni mwake.

Habari ya maungo ilinifikia jikoni.

"Mama, njoo uone." Alikuwa na kompyuta mapajani, na kwenye kioo kuna picha ya kitu cha kahawia, kama ndoano ya kufungia dirisha.

"Nini hiki?"

"Kiungo cha dume."

"Kiungo gani?"

"Kile, mama."

"Astaghfirullahi! Funga, baba yako huyo anakuja."

Baba yake akaja, akavaa miwani, akainama. "Ndiyo tumekuleta Marekani uje kuwachungulia wadudu uchi?"

"Baba, hawa hutofautishwa kwa hapo. Wa matembele kimenyooka. Wa mlakasa kimepinda ncha."

"Maskini," alisema baba yake, "huyo wa mlakasa."

Tulicheka siku hiyo. Nilikuwa sijui kwamba ndoano ile itakuja kuninyima usingizi.

Friza ya maabara yao iliharibika mwezi wa sita. Wanafunzi waliambiwa kila mmoja ahifadhi vitu vyake pengine mpaka itengenezwe. Binti yangu aliniuliza kama madundu wake wangeweza kukaa kwenye friza yetu siku chache, wamo ndani ya vichupa vya spiriti, hawanuki, hawatoki. Nikamwambia hakuna dundu atakayelala kitanda kimoja na nyama yangu. Akaitikia, "Sawa, mama." Mtoto wa Kipemba akisema sawa haraka namna ile, mama mwenye akili humfuata nyuma. Mimi nilirudi kukaa.

Alichofanya ni hiki. Alichukua kopo tupu la aiskrimu kabatini kwangu, akapanga vichupa vyake humo, akaliweka chini kabisa ya friza, kwenye kona. Akaona limefanana na makopo yangu mengine, litasalimika. Lilifanana kweli. Karatasi yangu ilikuwa bado ipo juu, na mwandiko ni wangu: "Sambusa nyama."

Siku ya tatu zikaja habari za msiba. Alifariki mume wa shoga yangu, huko Gulfton, mtaa wa Houston. Huyu ni mwanamke niliyechota naye maji kisima kimoja, tuliyesuguana visigino kwa jiwe moja. Miaka yote ile alikuwa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, na hatukuonana hata mara moja. Yeye aliniita, tena si mara moja wala mbili. Mimi nilijibu kwa sambusa.

Na safari hii nilijibu vilevile. Nikamwambia mume wangu mgongo unaniuma. Alinitazama tu. Alhamisi alfajiri akabeba makopo tisa, akayafikisha, akarudi jioni.

Ijumaa asubuhi friza ya maabara ikawa imetengenezwa. Binti yangu akaenda kuchukua vitu vyake. Nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia friza inafunguliwa, kisha makopo yanahamishwa, kisha kimya. Nikageuka. Amepiga magoti mbele ya friza, mikono imeganda kwa barafu.

"Mama, kopo lililokuwa hapa chini liko wapi?"

"La sambusa?"

"Halikuwa la sambusa."

Nilianza kugombeza. Ndiyo desturi yangu nikikosea, hugombeza kwanza. Nani kakwambia uweke, si nilikataza, wewe na baba yako mnanifanya mjinga ndani ya jiko langu. Alinisubiri nimalize. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Vimo vichupa arobaini na vitatu," akasema. "Kumi na vinne ni wa kile kisiwa. Ndio pekee, mama. Pale pamejengwa hoteli. Mlakasa wote umeng'olewa, umemwagwa mchanga mweupe wa kulalia wageni. Nikiwakosa hao, hakuna wengine wa kwenda kuchukua."

Nikachukua simu nikampigia shoga yangu. Nilikuwa nimejipanga kusema wazi.

"Sambusa zako zimefika," akasema kwa sauti iliyokwisha kwa kulia. "Mungu akulipe."

"Mmezila?"

"Baadhi. Watu ni wengi."

Binti yangu kanikodolea macho. Mimi ningemwambiaje mwanamke aliyezikiwa mume jana kwamba nimemtumia wadudu msibani? "Zilikuwaje?" nikauliza.

"Nzuri. Kama kawaida yako."

"Basi vizuri," nikasema, nikakata.

"Mama." Binti yangu alikuwa ameshika kichwa. "Umemuuliza kama ni tamu?"

Mume wangu alikuwa kazini na lori, upande wa Fort Worth. Ikabaki mimi na binti yangu na gari lake dogo. Nilivaa baibui juu ya nguo za jikoni, bado nanuka nazi. Njia nzima ya kwenda Houston nilishika kipini cha mlango kana kwamba gari lisingekwenda bila mimi kulivuta. Yeye hakuzungumza. Nilipomwambia apunguze mwendo alipunguza. Nilipomwambia aongeze, maana nilikumbuka tunakokwenda, aliongeza. Karibu na Houston tu ndipo alipofungua mdomo.

"Kila kichupa kina kikaratasi ndani. Kimeandikwa namba, na namba ndiyo inayosema dundu huyu alitoka wapi, siku gani, juu ya jani gani. Daftari ninalo. Lakini bila vile vikaratasi daftari halina mtu."

"Watakuwa hawajalifungua," nikasema. "Makopo tisa, nani atafika la tisa?"

Akaongeza mwendo.

Pale Gulfton majengo yamebanana, na mlango wa msiba haukuhitaji kuulizwa, viatu vilikuwa vimejaa mpaka kwenye ngazi. Ndani wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wanasoma. Nikatoa makiwa, nikashika mikono ya watu nisiowajua. Penye kona alikaa bibi mmoja mwembamba, shangazi wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha msiba. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia natoka Garland.

"Garland ya sambusa?"

"Ndiyo, bibi."

"Loo! Kumbe ni mtu!" Akawageukia wenzake. "Miaka kumi tunakula sambusa za huyu, mwenyewe hatumwoni. Mimi nikidhani ni kampuni."

Wakacheka kwa chini, kicheko cha msibani. Nami nilicheka. Kisha nikaomba ruhusa niingie jikoni, nikasaidie. Hapana mtu aliyekataa. Nilifungua kopo la kwanza, la pili, la tatu. Yalikuwa manane. Nikayafungua yote tena, kana kwamba madundu wangekuja wakiona nina haja nao. Binti yangu alifungua friza yao, kisha akafungua makabati, kisha akasimama tu.

Bibi alikuwa mlangoni. "Mnatafuta nini, nyie?"

"Bibi," nikasema, "kulikuwa na kopo la tisa."

Uso wake ukabadilika. Akanishika mkono, akafunga mlango wa jiko, akaninong'oneza. "Kwa hiyo unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba katika sambusa zako mtu ametia kitu. Nilitaka upigiwe simu, nikaona nisikutie hofu, kwanza tumalize. Umekuwa na ugomvi na nani huko kwenu? Vichupa, mwanangu! Vidogo, vimejaa maji makali, na kila kimoja kina mdudu na kikaratasi cha hesabu. Arobaini na kitu. Vimeletwa msibani, maiti hata udongo haujakauka. Nimeishi sana duniani, sikuhitaji kuelezwa."

Binti yangu aliegemea ukuta.

"Mmevifanya nini, bibi?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Akaeleza kwa fahari, na alikuwa na haki ya fahari, kwa sababu alifanya kila kitu kama kinavyofanywa kwetu. Walivifungua vyote. Spiriti wakaimwaga chooni. Vikaratasi wakavitoa kimoja kimoja, wakavitia kwenye bakuli la maji na marashi mpaka wino ukatoka wote, wakavisomea, wakavichoma. Vichupa wakavivunja, wakavitupa. Wale wadudu wakawatia kwenye bakuli jingine la maji ya chumvi, wakaliweka nje kwenye roshani, walale humo. Magharibi ya leo alikuwa awapeleke mtoni akawamwage, ubaya uende na maji.

"Bado wapo?" binti yangu akauliza.

"Wapo. Tangu jana adhuhuri."

Tukaenda roshani. Joto la Houston mwezi wa sita halihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuishi huko. Bakuli lilikuwa la bati, limefunikwa sahani, limekaa juani. Binti yangu akafunua. Walikuwa wamo wote pamoja, wameelea, dhahabu yao imefifia na kuwa rangi ya chai ya jana. Wengine walikuwa wameachana na miguu yao. Wa matembele na wa mlakasa, wa shamba la bibi yake na wa kisiwa kile, wote bakuli moja, na hapana hata kikaratasi.

Aliomba kibano. Mtu akaleta cha kunyonyolea nyusi. Akapiga magoti pale roshani, akaanza kuwatoa mmoja mmoja, anawaweka juu ya karatasi ya jikoni. Mikono yake ilikuwa haitetemeki. Nilitamani ingetetemeka.

Ikabidi nimweleze bibi ukweli, kwamba hapana mchawi, kuna mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajishika kifua, akaketi chini taratibu kando ya binti yangu.

"Mjukuu wangu, nimekuua."

"Hukujua, bibi."

"Wa mlakasa nawajua mimi. Nimecheza nao utotoni. Ngoja nikusaidie kuwachagua." Akainama mpaka pua ikakaribia bakuli. "Ukimgusa wa mlakasa, hujifanya amekufa. Ukimgusa wa matembele, huruka."

Binti yangu aliinua kichwa, akamtazama, akatazama wale madundu arobaini na watatu waliokufa. Akaangua kicheko. Alicheka mpaka kibano kikamwanguka, na palepale, bila kupumzika, kicheko kikageuka kilio, na mimi mama yake sikujua nimshike wapi.

Shoga yangu alikuwa chumba cha ndani, yuko edani, hatoki. Sauti zilikuwa zimemfikia. Akatuma niitwe.

Niliingia. Alikuwa amekaa kitandani, kajifunga nguo nyeupe, amezeeka kama mimi nilivyozeeka. Akanipa nafasi nikae karibu naye. Akanishika mkono.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Umekuja kwangu au kwa madundu?"

Niliwaza kusema uongo na uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri, umekaangwa nusu. "Kwa madundu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Angalau leo hukuleta mgongo." Kumbe mume wangu alikwishamwambia habari ya mgongo. Akajilaza begani kwangu, na tukalia, kila mmoja kwa lake, na la kwangu nililionea haya kwa sababu mbele ya la kwake lilikuwa dogo.

Tulirudi Garland na madundu wote kwenye mtungi wa jemu uliojazwa spiriti ya duka la dawa.

Miezi iliyofuata nyumba yetu iliishi kama nyumba yenye mgonjwa. Nilijifunza kutoka, mimi huyu, kwenda kumpelekea chakula maabara, kwa sababu alikuwa hali akiwa peke yake. Siku moja aliniketisha nitazame kwenye darubini. Alikuwa anawapasua, tumbo kwa tumbo.

Alianza na maungo. Madume walikuwa ishirini na mmoja, na ndoano zao hazikuharibiwa na chumvi wala jua: wengine zimenyooka, wengine zimepinda. Nikasema basi si umekwisha kuwajua? Waliopinda ni wa kisiwa.

"Hicho ndicho nilichotakiwa kukithibitisha, mama. Siwezi kusema waliopinda ni wa kisiwani, kisha niseme najua ni wa kisiwani kwa kuwa wamepinda. Wataniuliza nani kakwambia walitoka huko."

"Si wewe uliwachukua?"

"Niliwachukua arobaini na watatu. Huyu hapa simkumbuki uso."

Akajaribu vinasaba. Jua la roshani lilikuwa limekwisha kuvila. Akajaribu miguu, akajaribu misuli ya kifua. Kila aliporudi jioni nilimtazama namna anavyovua viatu, nikajua. Wanane walimjibu. Akajaribu matumbo yao, kutafuta jani gani waliondoka nalo duniani. Watano walimjibu. Waliomjibu kote, maungo, vinasaba na chakula, walikuwa wanne: wawili wamenyooka na wamekula matembele, wawili wamepinda na wamekula mlakasa. Alinieleza haya jikoni, amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu Houston niliona nuru usoni mwake.

"Kwa hiyo ni wa aina mbili!" nikasema.

"Ni wa aina mbili."

"Alhamdulillahi."

"Najua mimi, na sasa unajua wewe. Lakini mlakasa unaota Pemba pia, mama, pwani yote. Hao wawili siwezi kuthibitisha kama walitoka kisiwani au pwani ya Pemba. Dundu hapewi jina bila mahali."

Alimpigia mama mdogo wake Pemba, aende na mashua akatazame kama nyuma ya ukuta wa hoteli pamesalia hata tawi moja. Mama mdogo alikwenda. Mlinzi hakumruhusu kushuka, akazunguka na mashua, akatutumia video. Tuliitazama mara nyingi, tukaisimamisha, tukaikuza. Mchanga, viti, miavuli. Penye mwamba mmoja palikuwa na kijani kidogo. Tulikikuza mpaka kikawa vipande vipande vya rangi. Lilikuwa taulo.

Walimu wake walikutana naye mwezi wa nane, kwa kompyuta, yeye akiwa chumbani kwake. Mimi nilisimama nje ya mlango, nguo ya kukunja mkononi ili nionekane nina kazi. Mume wangu alikuwa sebuleni, amezima televisheni, anatazama kioo cheusi. Kiingereza chao kilikwenda haraka. Nilishika kidogo: maungo, chakula, na mara nyingi sana neno la mahali. Wakamuuliza ni aina ngapi. Nilisikia anafunua daftari lake. Kisha akataja moja.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa ameshakausha uso.

"Wamekukubalia?" nikauliza.

"Wamekubali."

Baba yake akasimama. Mimi nilikwisha kuinua mikono nimkumbatie.

"Wamekubali wa matembele, mama," akasema. "Wa mlakasa nimewatoa mwenyewe." Akapita katikati yetu kwenda kunywa maji.